Je, Wajua? Nyumba Huanzia kwenye Penseli

● Mchoro wa kwanza wa msanifu majengo hauhitaji vipimo kamili. Huonyesha jua linachomoza wapi na maji ya mvua yatapita wapi. Karungu, katika kaunti ya Migori kando ya Ziwa Viktoria, upepo wa mchana hutoka ziwani. Dirisha likitazama huko, chumba hupoa bure.

● Mteja akiridhika, ramani huchorwa kwa kipimo. Kwa 1:100, sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 1 kwenye kiwanja.

● Mhandisi hukokotoa msingi. Udongo mweusi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hivyo fundi huuchimba na kuutoa, au msingi huimarishwa kwa nondo. Mkadiriaji majenzi huhesabu saruji, mawe na mabati. Kaunti huidhinisha ramani kabla ujenzi haujaanza.

● Nchini Kenya huwezi kujiita msanifu majengo bila kusajiliwa. Ndivyo isemavyo Sura ya 525 ya sheria.

● Boma la Waluo lina ramani isiyohitaji karatasi: nyumba ya mke wa kwanza hutazama lango kuu, na simba, yaani nyumba za wana wa kiume, hukaa karibu na lango.

● Kuta za boma la kale la Thimlich Ohinga, katika kaunti hiyohiyo ya Migori, zilipangwa kwa mawe matupu bila udongo wala saruji, yamkini katika karne ya 16. Baadhi hufikia kimo cha mita 4 na zaidi. UNESCO iliziingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018.