Kwa Nini Maduka Mazuri ya Vitabu vya Mtumba ni Haba Mombasa

Mtu anayetafuta shati la mtumba mjini Mombasa hapati taabu. Akifika Kongowea atakuta marundo yametengwa, mashati mbali na suruali, nguo za watoto mbali na mapazia, na kabla ya adhuhuri atakuwa amelinganisha bei za wauzaji kumi. Anayetafuta kitabu kilichokwisha kusomwa na mwingine ana kibarua kigumu zaidi. Mara nyingi atakachokuta ni gunia lililotandikwa kando ya barabara, na juu yake vitabu vya hesabu vya mtaala uliopita, riwaya za Kiingereza zilizopoteza jalada na majarida ya zamani. Wauzaji hao wanafanya kazi ya maana. Hata hivyo, duka lenye rafu, lililopangwa kwa masomo, ambalo mteja anaweza kuingia, akauliza kitabu kwa jina na kupewa jibu la uhakika, ni la kutafutwa kwa tochi.

Kaunti ya Mombasa ilikuwa na wakazi 1,208,333 katika hesabu ya watu ya mwaka 2019. Wasomaji wapo, na vitabu pia vipo: vimelala kabatini, chini ya vitanda na ndani ya maboksi yaliyosahaulika. Kinachokosekana ni njia ya kukitoa kitabu kwa aliyemaliza kukisoma na kukifikisha kwa anayekihitaji.

Hasara ni ya nani?

Wa kwanza kuumia ni mzazi. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliweka ushuru wa asilimia 16 kwenye vitabu, na mzigo huo humfikia mnunuzi. Kwa familia yenye watoto watatu au wanne, kamusi na vitabu vya hadithi ndivyo vinavyoachwa kwanza pesa zinapopungua, kwa sababu shule haikuvidai. Kitabu cha mtumba ndicho kingeziba pengo hilo.

Hasara ya pili ni ya mji wenyewe. Duka la vitabu vipya huuza kile ambacho wachapishaji wanaendelea kuchapisha. Kitabu kikiacha kuchapishwa, kinabaki maktabani na mikononi mwa waliokinunua zamani. Mombasa ni mji wa washairi. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki karne ya 19, zilitolewa kwa diwani mwaka 1940 huko Afrika Kusini. Ahmad Nassir alitoa Malenga wa Mvita mwaka 1971. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alitoa Sauti ya Dhiki mwaka 1973, mashairi aliyoyatunga akiwa kifungoni. Kijana wa Kisauni au Likoni anayetaka kushika toleo la kwanza la mojawapo ya vitabu hivi hulazimika kumtegemea mtu aliyekihifadhi. Mwenyewe akifariki na warithi wasijue thamani yake, nakala hiyo huondoka kimya kimya, na hakuna anayejua kwamba imeondoka.

Nguo huuzwa kwa rundo, kitabu huuzwa kimoja kimoja

Nguo za mtumba huingia bandarini zikiwa kwenye marobota yaliyokwisha kupangwa kwa aina na daraja. Mfanyabiashara hununua robota, hulifungua sokoni, na mzigo huanza kutoka siku hiyo hiyo. Hakuna anayefunga robota la vitabu vya Kiswahili. Hivyo lazima vikusanywe nyumba kwa nyumba, boksi kwa boksi, kisha vichambuliwe na mtu anayevijua.

Baada ya kuvipata, muuzaji hukutana na tatizo la muda. Shati la ukubwa wa kati huwafaa maelfu ya watu. Kitabu cha historia ya Lamu humfaa yule mmoja anayekitafuta, naye anaweza kupita kesho au baada ya miaka miwili. Wakati huo wote kitabu kinakaa rafuni na chumba kinalipiwa.

Chukua mfano wa muuzaji anayekodi chumba kidogo kwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Akinunua kitabu kwa shilingi 40 na kukiuza kwa shilingi 100, anabaki na shilingi 60. Atalazimika kuuza vitabu 250 ili apate pesa za chumba peke yake, yaani vitabu kumi kila siku kwa siku 25 za kazi. Umeme, leseni, nauli na chakula cha nyumbani bado. Ndiyo maana wengi hubaki kwenye gunia kando ya njia, na anayepata chumba hugeukia kalamu, madaftari na huduma za kutoa nakala, kwa kuwa hizo ndizo zinazoleta pesa kila siku.

Hali ya hewa ya pwani nayo haisaidii. Unyevu huota koga kwenye kurasa, gundi ya mgongo huachia, na mchwa wakipata ukuta wenye maji hula rafu nzima. Muuzaji wa Mombasa anahitaji rafu zilizoinuliwa kutoka sakafuni na chumba kinachopitisha hewa, na vyote hivyo ni gharama.

Mtaala ukibadilika, mtaji hufa

Kwa miaka mingi, vitabu vya shule ndivyo vilivyowalisha wauzaji wa vitabu vilivyotumika. Mtoto akimaliza darasa, mzazi aliviuza vitabu vyake Januari na kununua vya darasa linalofuata. Faida ya msimu huo ilimwezesha muuzaji kuweka kando riwaya na mashairi yanayotoka polepole.

Msingi huo umetikiswa mara mbili. Mwaka 2018 serikali ya kitaifa ilianza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka katika shule za umma, na biashara kubwa ikaondoka madukani. Mwaka 2019 mtaala wa umilisi ukaanza kutekelezwa kuanzia madarasa ya chini, kuchukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 uliokuwapo tangu 1985. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulipofanyika mwaka 2023, vitabu vingi vya darasa la nane vilivyokuwa vimebaki kwa wauzaji vilipoteza wanunuzi. Vitabu vya fasihi vya KCSE navyo hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na riwaya iliyogombaniwa mwaka mmoja hukosa hata wa kuiuliza mwaka unaofuata.

Vitabu huishia wapi?

Familia inapohama au mzee anapofariki, maboksi ya vitabu huwa mzigo. Anayeitwa kwa haraka ni mnunuzi wa karatasi kuukuu, ambaye hulipa kwa kilo. Kwenye mizani, kamusi na gazeti la mwaka juzi ni kitu kimoja. Baadaye kurasa hizo hurudi mtaani zikiwa zimefunga njugu au viazi karai. Muuza njugu hana kosa, kwani alinunua karatasi. Kosa lilitendeka pale boksi lilipotolewa bila kufunguliwa.

Mambo ya kukagua kabla ya kununua

Mnunuzi wa kitabu cha mtumba anashauriwa kuangalia mambo manne:

1. Alama ya serikali. Vitabu vilivyotolewa na serikali kwa shule za umma huwa vimeandikwa kwamba si vya kuuzwa. Kitabu hicho kirudishwe shuleni. Kukinunua ni kumnyima mtoto mwingine.

2. Muhuri wa maktaba. Kitabu chenye muhuri wa maktaba lakini kisicho na alama ya kuondolewa rasmi huenda kiliibwa au hakikurudishwa.

3. Nakala bandia. Wino uliopauka, picha zisizoonekana vizuri, kurasa zilizochapwa upande na namba zinazoruka ni dalili za kitabu kilichochapishwa kinyume cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Bei yake ni nafuu, lakini mwandishi hapati chochote.

4. Toleo na mwaka. Ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu huonyesha mwaka wa kuchapishwa. Kwa kitabu cha shule, linganisha na orodha ya shule kabla ya kulipa.

Nafasi ya kaunti na ya mkazi

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa serikali za kaunti majukumu matatu yanayogusa jambo hili: maktaba, masoko na leseni za biashara. Anayetaka kufungua duka la vitabu vilivyotumika huomba leseni ya biashara kwa serikali ya kaunti, na ada hutegemea aina, ukubwa na mahali pa biashara. Ni vyema kuuliza ada hiyo mapema, kabla ya kutia sahihi mkataba wa chumba.

Mkazi anayetaka vibanda vya vitabu vitengewe nafasi katika soko la wadi yake, au maktaba iongezewe fedha, ana haki ya kulisema hilo wakati wa ushirikishaji wa umma. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka uwasilishwe katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mwelekeo wa matumizi kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ombi linalotolewa kabla ya tarehe hizo lina nafasi kubwa ya kusikilizwa kuliko malalamiko ya Julai, mwaka wa fedha ukiwa umekwisha anza.

Si lazima kusubiri bajeti ili kuanza. Vikundi vya vijana, misikiti, makanisa na shule vinaweza kuandaa siku ya kubadilishana vitabu kila muhula, ambapo hakuna kodi ya chumba inayodaiwa. Mwenye maboksi nyumbani anaweza kuyafungua na kuyatenga katika mafungu matatu: vya shule vinavyotumika bado, vya hadithi na elimu ya jumla, na vya zamani vya Kiswahili, vya dini na vya historia ya pwani. Fungu la kwanza liende kwa mwanafunzi, la pili kwa muuzaji wa vitabu. La tatu lionyeshwe kwanza kwa mkutubi au mwalimu wa Kiswahili kabla ya mizani kuitwa. Kazi hiyo huchukua alasiri moja, na huenda ikaokoa kitabu ambacho hakuna duka litakalokiuza tena.