Gusheshe, Kanda za Wazee na Waya Usio na Fiuzi



Aliyekaa Johannesburg, hata kwa miezi michache, hahitaji kuelezwa Gusheshe ni gari gani. Ni ile BMW 325iS, ndogo, yenye umbo la pembepembe, iliyoundwa katika kiwanda cha Rosslyn karibu na Pretoria kwa ajili ya soko la Afrika Kusini. Toleo lake la injini ya lita 2.7, la mwanzoni mwa miaka ya 1990, lilikusudiwa kushinda mashindano ya mbio, na jina la Gusheshe lilitoka kwa watu wa vitongoji, walioipenda labda kuliko hata walioiunda. Leo ni gari kuukuu, lakini wapo vijana wetu wa Mayfair na Fordsburg wanaoweka akiba mwaka baada ya mwaka ili waipate. Mwenye kipato kidogo huridhika na Citi Golf, ambayo iliendelea kuundwa nchini humu hadi mwaka 2009, wakati kwingineko walikwisha kuisahau.

Na kijana akishalipata gari lake, haanzi na matairi wala rangi. Huanza na sauti.

Wazee wetu wamelalamika juu ya makelele, nasi tuko pamoja nao. Haki ya jirani inajulikana, na spika inayotikisa madirisha ya watu baada ya isha haina utetezi. Lakini tumeona kwamba mazungumzo ya barazani huishia hapo, ilhali hatari iliyo kubwa zaidi haisikiki kabisa. Imelala chini ya zulia la gari, nayo ni waya.

Redio ya kawaida ya gari hutumia umeme kidogo, hata kama sandukuni mwake imeandikwa wati 50 kwa kila spika. Maandishi hayo ni ya biashara. Kwa betri ya volti 12, redio isiyo na msaada hutoa kiasi cha wati 20 hivi kwa kila spika kabla sauti haijaanza kupasuka. Kwa hiyo anayetaka kishindo hutia amplifaya ndani ya buti, na amplifaya haishibi kwa waya mwembamba wa redio. Tufanye hesabu. Amplifaya inayotoa wati 400, ikiwa nusu ya umeme wake inapotea kuwa joto kama ilivyo kwa nyingi za zamani, itavuta takriban wati 800 kutoka kwenye gari, yaani ampea 58 au zaidi kidogo. Alternata nyingi za magari ya miaka ile hutoa baina ya ampea 65 na 90 tu, na humo humo zimo taa, vipangusio vya kioo na injini yenyewe.

Basi fundi huvuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri. Hapo ndipo penye suala letu. Waya huo hupita kwenye tundu la bati, chini ya zulia, kando ya reli ya kiti, na kila mahali pana ncha kali. Siku ganda lake likichubuka na shaba ikagusa bodi, betri humwaga mamia ya ampea kwa mkupuo mmoja, na waya huwa kama waya wa jiko la umeme. Zulia na sponji ya kiti hushika moto kwa dakika chache. Tulioneshwa gari la kijana mmoja lililoungua kwa namna hiyo kuanzia chini ya kiti cha nyuma. Alhamdulillahi, lilikuwa limeegeshwa na halikuwa na mtu. Fundi wake, ambaye hatumtaji, alijitetea kwamba amplifaya ilikuwa na fiuzi yake. Ni kweli ilikuwa nayo. Lakini fiuzi iliyo mwisho wa waya huilinda amplifaya; haiulindi waya ulio nyuma yake.

Fiuzi ya kuulinda waya hukaa mwanzo wake, karibu na betri iwezekanavyo, isizidi urefu wa mkono kutoka kiwikoni hadi kwenye vidole. Iwe betri ipo mbele chini ya boneti au nyuma ndani ya buti, kanuni ni hiyo hiyo. Kwa hesabu yetu ya juu, waya wa shaba wa milimita 16 za mraba na fiuzi ya ampea 60 vinatosha, na kila tundu la bati livishwe mpira kabla waya haujapitishwa. Fiuzi na kikasha chake ni gharama ndogo mno ukilinganisha na spika moja. Hatuoni udhuru wa kuiacha.

Nyuma ya redio yenyewe pana mitego midogo. Waya wa njano ni wa umeme wa daima unaotunza kumbukumbu, mwekundu ni wa umeme unaokuja kwa ufunguo, mweusi ni wa bodi. Katika Volkswagen nyingi za miaka ya 1990 nafasi za njano na nyekundu zimebadilishana katika soketi, na ndiyo sababu redio mpya husahau vituo vyote kila gari linapozimwa. Mwenye gari hudhani ameuziwa kitu kibovu, kumbe ni waya mbili tu za kubadilishana. Jambo jingine: katika baadhi ya magari ya zamani, spika ziliunganishwa kwenye bodi kwa upande mmoja. Redio za leo hazikubali hivyo. Kila spika ivutiwe waya zake mbili mpaka kwenye redio, la sivyo redio itaungua.

Sasa tuje kwa walio wengi, wasiotaka kishindo bali wanataka kusikiliza simu zao katika gari la kaseti. Hapa tuna rai yetu, na fundi asiyeafikiana nasi atusamehe: msiing'oe redio ya zamani. Nyumba zetu bado zina makasha ya kanda. Zimo tilawa za Sheikh Abdul Basit, zimo kanda za Juma Bhalo, zimo mawaidha na sauti za harusi zilizorekodiwa Mombasa na Unguja ambazo hazipatikani popote pengine. Mara nyingi gari la mtoto ndiyo mashine ya mwisho katika ukoo inayoweza kuzicheza. Fundi wa redio anayejua kushika chuma cha lehemu anaweza kutia kibao kidogo cha bluetooth ndani ya redio ile ile, kabla ya swichi ya sauti, na kwa nje lisionekane lolote. Lina faida nyingine katika jiji hili: mwizi anayechungulia dirishani huona redio kuukuu ya kaseti, huenda zake. Vifaa vya kurusha sauti kwa FM hatuvipendi, kwa kuwa mawimbi ya Johannesburg yamejaa vituo na sauti hukatika kila mtaa.

Na ipo sababu ya mwisho, ambayo kwetu ndiyo kubwa. Radio Islam, ya Lenasia, husikika kwa mawimbi ya kati, kilohezi 1548. Katika Ramadhani wengi wetu huwa barabarani jua linapotua, tende mkononi, tukisubiri adhana kutoka kwenye spika ya gari. Redio nyingi mpya hazijali mawimbi ya kati. Zilizoletwa kutoka Marekani huruka kilohezi 10 kila hatua, zikitoka 1540 kwenda 1550, na kituo hubaki katikati. Tafuta katika mipangilio yake hatua ya kilohezi 9, kituo kitakuja. Chaja za bei rahisi za simu na vibao vibovu vya bluetooth nazo hujaza mawimbi hayo mvumo, na antena ambayo kitako chake kimeota kutu hushindwa kushika bodi sawasawa. Mikwaruzo ya alasiri za kiangazi ni radi ya hapa kwetu. Hiyo haina fundi.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi, muombe afungue boneti au buti akuoneshe fiuzi ilipo kwa kidole chake. Kisha washa injini, washa taa, chomeka chaja, unganisha simu, na uitafute 1548. Ikisikika wazi, mlipe haki yake na umshukuru. Ikivuma, zima kitu kimoja kimoja mpaka mvumo unyamaze, na hicho cha mwisho kuzimwa ndicho arudi kukifunga upya siku hiyo hiyo, gari likiwa bado mlangoni mwake.