Mkunga mpya asiidharau zahanati ya kijijini

Binti aliyehitimu uuguzi na ukunga, akapata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, aghalabu hutamani kuanzia chumba cha kujifungulia cha hospitali kubwa. Si tamaa mbaya. Lakini nafasi hizo huombwa na wengi, na aajiriwaye huko aweza kupangiwa wodi yoyote.

Zahanati ya kijijini ina wahudumu wachache. Muuguzi mkunga apimaye wajawazito asubuhi ndiye azalishaye usiku. Ndiye ajazaye patografu, amchomaye mama sindano ya oksitosini mara tu mtoto azaliwapo ili kuzuia damu isimwagike kupita kiasi, na amsaidiaye mtoto asiyelia apate kupumua. Uzoefu huo ndio atakaoulizwa kesho kwenye usaili.

Wazazi, msimzuie binti kwa sababu ya umbali pekee. Ulizieni nyumba ya kuishi, usalama wa njia, na kama yupo mkunga mzoefu wa kumwelekeza. Yakipatikana hayo, mpeni radhi zenu aende. Mikono isiyofanya kazi husahau, na huko kuna mama anayehitaji mkunga.