Fahamu: Nani ni mdau katika uhifadhi wa wanyamapori wa jamii?

Mdau katika uhifadhi wa wanyamapori wa jamii ni yeyote anayenufaika nao, anayeumizwa nao au mwenye uwezo wa kuuamulia. Katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Burunge, wilayani Babati, kati ya hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara, orodha huanza na wanaotajwa kwenye nyaraka: vijiji vilivyotenga ardhi, jumuiya yenyewe, halmashauri ya wilaya, mamlaka za wanyamapori na wawekezaji wa kambi za kitalii.

Kazi ngumu ni kuwapata wanaosahaulika. Mfugaji anayepitisha ng'ombe kiangazi tu hayumo kwenye daftari la kijiji. Mwanamke anayeokota kuni haitwi kikaoni. Anayeitwa ni mumewe. Kwa hiyo orodha nzuri hutengenezwa kwa miguu, kisimani, mnadani na lamboni, na kila anayehojiwa huombwa amtaje mwingine.

Kuwapanga wadau kwa uzito mara nyingi hufuata vigezo vitatu vya watafiti Mitchell, Agle na Wood, vya mwaka 1997: nguvu, uhalali wa madai na udharura. Mwekezaji ana nguvu. Mkulima ambaye tembo wamemaliza mahindi yake usiku mmoja ana uhalali na udharura, lakini nguvu hana. Kigezo kikiwa nguvu pekee, mkulima huyo huburura mkia. Kosa hilo ni ghali: mgogoro wa ardhi wa wafugaji wa Kibarabaig katika kijiji cha Vilima Vitatu, kimojawapo cha vijiji vya Burunge, ulifika hadi Mahakama ya Rufani.

Orodha hupitiwa upya mkataba wa uwekezaji unapobadilika, au ukame unapoleta mifugo ya mbali.