Njuga, Kengele na Vumbi la Kiangazi

Mvua za Unyamwezi hukatika mwishoni mwa Aprili au Mei ikishaingia. Mahindi yakishakauka, karanga zikang'olewa, na tumbaku ikapanda lori kwenda sokoni, sisi tuliokulia huku tunajua msimu umefika, wala hatutazami kalenda. Vumbi ndilo linalotuambia. Barabara inakuwa nyekundu, majani ya pembeni nayo yanakuwa mekundu, na Jumapili mchana unasikia kengele za baiskeli, moja, mbili, kisha nyingi, zote zikielekea upande mmoja. Ukizisikia hivyo usipoteze muda kuuliza. Zifuate.

Watu wenye ugonjwa huu wa kupenda chombo na kukitoa kikaonekane wako dunia nzima. Ulaya majira ya joto yakianza, wenye magari ya zamani huyatoa kwenye gereji, wakayang'arisha na kuyapeleka mahali wenzao watakapoyaona. Nairobi, klabu ya wenye Alfa Romeo ilianzisha Concours d'Elegance mwaka 1970, na siku hizi hufanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Magari na pikipiki hupangwa, waamuzi hupita na karatasi mkononi, huchungulia injini, huinama kutazama uvunguni, kisha hutoa alama. Arusha nayo, Oktoba 2024, ilifurika Land Rover za kila umri katika tamasha lake. Nimewasikiliza wenye magari hayo wakizungumza, na kila mara nasikia sauti za nyumbani. Mtu anayesimulia alivyohangaika miezi kutafuta taa halisi ya gari lililoundwa kabla hajazaliwa ni ndugu wa damu wa babu wa Sikonge, kwetu Tabora, anayekataa kufunga kengele ya plastiki kwenye baiskeli yake ya Phoenix.

Kwetu chombo ni baiskeli. Lakini kabla ya baiskeli palikuwa na msafara, na bila kuuelewa msafara huwezi kuelewa kwa nini mtu wa Tabora akipenda kitu hakifichi nyumbani.

Tabora ni mji uliozaliwa na njia. Katikati ya karne ya 19 njia iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikakata Ugogo, ikapenya pori kavu la Mgunda Mkali, ikaingia Unyanyembe, ilipo Tabora, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Walivuna kwanza, wakaondoka kiangazi, na walijitahidi kurudi mvua za kupandia zisije zikawakuta mbali na mashamba yao. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu ya hapo alibeba mkeka wake, chungu na chakula chake. Kijana asiyewahi kuiona bahari hakuhesabiwa kuwa amekua. Njia hiyohiyo iliwapitisha watumwa wakiwa na minyororo shingoni, na hakuna anayeipenda historia ya huku kwa dhati anayeweza kuitaja njia bila kuwataja wao. Mpagazi, hata hivyo, alikuwa mtu wa kazi yake na mshahara wake, na alitembea kama mwenye cheo.

Hebu mtazame alivyovaa. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara, amejifunga kitambaa chekundu chenye mkia mrefu, kichwani manyoya, mwilini ngozi ya mbega, mkononi bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja. Nyuma yake walifuata wabeba pembe za ndovu, wenye heshima kuliko wapagazi wote, na kwenye ncha ya pembe walifunga kengele ya ng'ombe. Vijana waliopenda kujipamba walivaa njuga miguuni. Richard Burton, Mwingereza aliyeingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, aliandika mambo haya kwa kirefu. Alieleza pia kwamba msafara ukikaribia mwisho wa safari watu walitoa nguo zao nzuri zilizotunzwa njia nzima, wakazivaa, kisha wakaingia mjini kwa mstari mrefu, baragumu zikilia na bunduki zikipigwa hewani. Wenyeji walitoka majumbani kutazama.

Jambo hilo limenigusa tangu nilipolisoma mara ya kwanza. Mtu ametembea miezi miwili au mitatu, miguu imepasuka, mgongo umechubuka, na nguo nzuri ameibeba juu ya mzigo wa tajiri, akaongeza uzito kwa hiari yake, kwa ajili ya saa moja ya kuonekana.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa masafa marefu ukafa. Kiangazi kikabaki, na watu walewale wenye miguu isiyotulia wakabaki.

Walikopeleka hamu yao ni kwenye ngoma. Wasukuma, ndugu zetu wa kaskazini ambao lugha yao tunaelewana nayo bila mkalimani, wana vyama viwili vikubwa vya wachezaji, Wagika na Wagalu, ambavyo asili yake ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliopimana nguvu za dawa. Ushindani wao haujaisha hadi leo. Kila mwaka baada ya mavuno, Juni hadi Agosti, makundi hukutana kushindana, na Bujora karibu na Mwanza sherehe ya Bulabo huvuta umati mkubwa kila Juni. Wacheza bugobogobo huja na majembe yao, huyarusha juu na kuyadaka bila kukosea pigo. Wayeye, wataalamu wa nyoka, huja na chatu wamemviringisha shingoni. Hawa ni chama chenye mafunzo na siri, wanaojua dawa za kutibu aliyeumwa. Wanunguli, ambao kazi yao ilikuwa kuingia kwenye mashimo kuwatoa nungu wanaoharibu mashamba, wana ngoma yao na nyimbo zao. Kila chama ni watu waliopenda jambo moja hadi wakalitungia lugha.

Na sheria ya kushindana ndiyo ninayoiona kuwa tunu kubwa kuliko zote. Makundi mawili hucheza uwanja mmoja, wakati mmoja. Hakuna jopo la waamuzi wala karatasi ya alama. Watazamaji wanasimama katikati, na kundi linalowavuta wengi upande wake ndilo lililoshinda. Ukichoshwa na hawa unahamia kwa wale, na ukihama umepiga kura. Ndiyo maana wachezaji hubuni kila mwaka kitu kipya: sanamu, kinyago, mnyama, mchezo wa kuchekesha, lolote litakaloifanya miguu ya watu igeuke. Ndiyo maana pia kila kundi lina mganga wake na dawa yake ya mvuto. Mtazamaji wa namna hii ana kazi. Amekuja kuamua.

Sasa nirudi kwenye baiskeli, kwa sababu kwenye viwanja hivyo ndiko nilikojifunza kuzitazama.

Watu huja kwenye ngoma kwa baiskeli, na kabla ngoma haijachanganya, chini ya miembe, kuna maonyesho ya pili ambayo hakuna aliyeyatangaza. Nakumbuka kiangazi kimoja, kijiji kimoja cha Uyui, nikiwa kijana. Mzee mmoja aliingia akiikokota baiskeli yake, hakuipanda, hatua mia za mwisho zote akitembea kando yake. Ilikuwa Phoenix nyeusi ya Kichina, fremu yote imevishwa nailoni ya kijani, mshono umefuata bomba kama soksi ya mtoto. Madigadi ya nyuma yalikuwa na kipande cha ngozi kilichochongwa mfano wa ua, na vireflekta vyekundu vinne. Kwenye spoku alikuwa amepitisha shanga za plastiki, nyeupe moja, buluu moja, kuizunguka rimu nzima. Dinamo ilikuwepo na taa ilikuwepo. Aliiegemeza kwenye mwembe, akatoa kitambaa kilichokunjwa vizuri mfukoni, kipande cha kanga ya zamani, akaanza kufuta vumbi kwa mpangilio: usukani kwanza, kisha tandiko, kisha fremu, mwisho rimu, spoku kwa spoku. Hakumtazama mtu yeyote. Alipomaliza tulikuwa tumesimama kumi na wawili.

"Shikamoo babu," mmoja wetu akasema.

"Marahaba wajukuu zangu. Mwangaluka."

"Mwangaluka. Babu, naomba niipige kengele."

"Ipige. Nimeendesha tangu alfajiri ili mtu aniombe hivyo."

Kengele ya mtu haiguswi bila kuomba. Hiyo ni adabu ya kwanza. Adabu ya pili, usiulize bei, uliza ilikotoka. Babu akatueleza kwamba tandiko lilikuwa la Raleigh aliyokuwa nayo zamani, ikavunjika fremu kwa kubeba asali. Kengele aliirithi kwa kaka yake. Shanga zilipangwa na bintiye. Akatueleza pia kuhusu Swala, baiskeli iliyotengenezwa hapahapa nchini na kiwanda cha NABICO, ambayo aliwahi kuwa nayo na akaiuza mwaka wa njaa. Alipoitaja sauti yake ilishuka. Niligundua siku ile kwamba alikuwa anatusomea ukoo wake, na kila kipande cha chuma kilikuwa na marehemu au aliye hai nyuma yake.

Huku baiskeli hubeba kila kitu. Hubeba madumu ya asali kutoka porini kwenye miombo, magunia ya mkaa, mgonjwa anayepelekwa zahanati, bibi harusi. Wiki nzima imefungwa kamba na keria imepinda kwa uzito. Kuivua kamba hizo, kuiosha na kuipeleka mahali bila mzigo wowote ni kuipa siku yake ya mapumziko, kama ng'ombe wa kulimia anayefunguliwa nira. Nadhani ndiyo maana babu yule aliikokota hatua zile mia.

Ukienda kwenye ngoma, nenda na chakula. Wenzetu wa zamani walitembea na nafaka. Sisi hutembea na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, ukatafuna na karanga njiani. Mwenyeji atakupa maji ya kunawa kabla ya maneno, na jioni patakuwa na ugali, mboga ya nsansa iliyoungwa kwa karanga, na kwa wanywaji, wanzuki ya asali. Kama kuna Wazaramo au watani wengine waliooa huku, jiandae kutukanwa baiskeli yako hadharani. Utani huo wazee huuhesabu kama matunda ya safari za pwani. Mtani ana ruhusa ya kusema shanga zako zinafaa kiuno na wala si gurudumu, na wewe huna ruhusa ya kukasirika.

Vijana wa leo wana pikipiki. Wazee wengine wanalalamika, mimi silalamiki. Nitazamapo bodaboda za Tabora mjini, pale stendi, naona kitambaa kilekile: nailoni ya rangi kwenye tangi, shuke za plastiki kwenye usukani, maandishi kwenye kipande cha mpira nyuma ya tairi, vioo vinne mahali pa viwili. Kijana akimaliza kuosha pikipiki yake Jumapili asubuhi huisogeza mbele hatua chache, pale jua linapopiga. Hakuna aliyemfundisha.

Kinachoniumiza ni kingine. Nimehudhuria maonyesho mengi rasmi ya msimu huu, sikukuu ya wakulima Nane Nane ikiwemo, ambayo kwa kanda yetu hufanyika viwanja vya Ipuli. Nayapenda maonyesho hayo. Pale nimeona mizinga ya kisasa, mbegu, ng'ombe waliotunzwa kama wafalme. Lakini mara nyingi, kwenye hafla za namna hii, waandaaji wakitaka kuonyesha mila huwapandisha wachezaji jukwaani, kundi moja baada ya jingine, dakika kumi kila moja, mbele ya wageni waliokaa kwenye viti chini ya turubai. Wagika wakicheza peke yao, wanashindana na nani? Mtazamaji aliyekaa hawezi kuhama. Amenyang'anywa kura yake, na mchezaji amenyang'anywa hofu ile ya kuona migongo ikigeuka, hofu iliyomfanya abuni. Nimewahi kuwaona wachezaji hodari wakicheza hivyo kwa uvivu nisioutegemea kwao, na sikuwalaumu. Ningepewa nafasi ya kuomba jambo moja tu, ningeomba viti viondolewe na makundi mawili yaachiwe uwanja kwa wakati mmoja. Na baiskeli ziruhusiwe kuingia, ziegemezwe miembeni bila kamba ya kuzizungushia, watu wakae karibu, waombe kupiga kengele.

Siku ile ya Uyui ngoma ilichanganya alasiri, na hata babu aliiacha Phoenix yake akaenda kutazama. Alisimama na upande mmoja, kisha akahama. Alihama mara tatu, nilimhesabu. Jua lilipoanza kushuka alirudi, akatoa kitambaa chake, akafuta vumbi lililoletwa na miguu ya wachezaji, akajaribu dinamo kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono hadi taa ikawaka. Alikuwa na kilomita thelathini mbele yake. Akatuaga, akaikokota hadi barabarani, na safari hii akapanda. Tulisikia kengele yake mbali, hata baada ya taa kupotea nyuma ya miti.