Mama aliyehamia mjini peke yake na watoto: ni dhamana ya nani?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W), Mola wa viumbe vyote, aliyeipanua ardhi na kuwagawia waja wake riziki ndani yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ambaye naye alikulia katika uyatima, akauhama mji aliozaliwa, na akajua ugeni ni kitu gani. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, siku moja ya Jumanne, baada ya swala ya Adhuhuri, tulikuwa tukipita Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Akatujia mtoto wa kiume anayetembeza mifuko ya kubebea bidhaa. Alitusalimu kwa adabu, “Shikamoo shehe,” kisha akatuomba tumuungishe. Tulinunua mifuko miwili. Ndipo ilipotupitikia kwamba siku ile ni ya masomo na saa zile ni za darasani. Tukamuuliza, “Mwanangu, unasoma shule gani?” Akainamisha kichwa. “Nilikuwa nasoma Kondoa, shehe. Huku bado.”

Tulimwomba atupeleke kwa mama yake. Tulimkuta kandoni mwa soko akiwapakulia chakula wabeba mizigo, binti yake wa miaka minane akiosha sahani, na mdogo wao wa miaka mitatu amelala juu ya boksi lililokunjuliwa. Mama yule alikuwa ameachika, akamaliza eda yake, akauza mbuzi wake na kupanda basi hadi kituo cha Mbezi akiwa na watoto wote watatu. Fedha ile ilikwisha siku alipopata chumba kimoja Ilala, kwani alitakiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pamoja na ya mwezi mmoja kwa ajili ya dalali. Miezi minne ilikuwa imepita. Watoto wawili wenye umri wa kusoma hawakuwa shuleni wala madrasa.

Jambo lililotutia haya zaidi ni hili. Kwa miezi yote minne mama yule alikuwa akipika hatua chache tu kutoka msikiti tunaoswali. Tulimpita kila siku, na wengine wetu tulikula chakula chake. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza, “Mama, umetoka wapi, na watoto hawa wanasoma wapi?”

Ugeni si jambo jipya Kariakoo

Jina lenyewe la Kariakoo lina habari ya wageni. Waingereza walipoutwaa mji huu kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, eneo hili lilikuwa kambi ya kikosi cha wapagazi, waliotolewa majumbani mwao kubeba mizigo ya vita. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Baadaye pakajengwa nyumba za Kiswahili za vyumba sita, zenye ukumbi katikati na ua nyuma. Jengo la soko tulijualo, lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Liliungua moto mwezi Julai mwaka 2021.

Katika nyumba zile, mama aliyetoka bara au kusini alipanga chumba kimoja, lakini kwa hakika alipata nyumba nzima. Akienda sokoni, mwanawe alibaki uani chini ya macho ya mama watano. Mtoto akikosea alirudiwa na jirani, na akiumwa alipelekwa hospitali na jirani. Leo nyumba nyingi za aina ile zimebomolewa, na mahali pake pamesimama maghorofa ya maduka na stoo. Biashara imekua, nasi tunamshukuru Allah kwa neema hiyo. Lakini ua umeondoka, na pamoja nao yameondoka yale macho ya majirani. Mama wa leo huambiwa achague mojawapo: awafungie watoto chumbani akiwa kazini, jambo la hatari kubwa pakitokea moto, au awachukue wakashinde naye barabarani.

Mafunzo ya mama wawili

Kabla hatujamlaumu mama aliyehama peke yake, tuwakumbuke mama wawili ambao Uislamu umewapa heshima kubwa.

Wa kwanza ni Bibi Hajar. Nabii Ibrahim (A.S), kwa amri ya Mola wake, alimwacha pamoja na mwanawe mchanga katika bonde lisilo na mimea, kama inavyoelezwa katika Suratu Ibrahim aya ya 37. Maji yalipokwisha hakuketi akingoja. Alikimbia baina ya Safa na Marwa mara saba, hadi Allah alipomtolea Zamzam. Mahujaji wote, wanaume kwa wanawake, mpaka leo hufuata nyayo za mama huyu aliyekuwa akimtafutia mwanawe maji. Kisha Imam Bukhari amesimulia kwamba lilipokuja kabila la Jurhum likaomba ruhusa ya kukaa jirani naye, Bibi Hajar alikubali kwa sharti kwamba maji yale yabaki kuwa haki yake. Humo mna mafunzo mawili. Mgeni anahitaji majirani, wala asijitenge. Lakini kile alichoruzukiwa ili alelee watoto wake kibaki mkononi mwake. Ni mama wangapi waliofika mjini na mtaji mdogo, ndugu akauazima kwa wiki moja, na wiki hiyo haijaisha hadi leo?

Wa pili ni Ummu Salama (R.A). Mumewe Abu Salama alipotaka kuhamia Madina, jamaa za mke walimzuia mkewe asiondoke. Jamaa za mume nao wakasema kwamba mtoto ni wao. Wakamvutana mtoto yule hadi mkono wake ukateguka. Mume akaenda Madina, mtoto akachukuliwa, na mama akabaki akilia kwa muda unaokaribia mwaka. Hatimaye walimwonea huruma, wakamrudishia mwanawe, akapanda ngamia wake na kuishika njia ya Madina bila ya mwenza. Alipofika Tan‘im alikutana na Uthman bin Talha, ambaye wakati huo hakuwa amesilimu. Alipojua kwamba mama yule hana mwenza, aliishika hatamu ya ngamia na kumsindikiza mpaka karibu na Quba. Kila walipotua alimlaza ngamia, akasogea mbali mpaka mama ateremke, kisha akaenda kupumzika chini ya mti wake peke yake. Ummu Salama alimsifu kwa uungwana huo. Ndiyo adabu ya kumsaidia mwanamke aliye peke yake: unamfikisha aendako, unailinda heshima yake, na humdai malipo ya siri.

Mkono ule wa mtoto uliotegukaa kwa kuvutwa huku na huku, ndugu wazazi, tuutie akilini tunapoingia katika hukumu.

Hukumu ya kuhama na watoto

Mama wa Kondoa alituambia jambo alilolificha mwanzoni. Aliondoka bila ya kumwarifu baba wa watoto, kwa kuogopa kwamba angezuiwa. Baba naye, kwa hasira ya kuibiwa wanawe, alikata matumizi. Na kwa kuwa aliondoka kimya kimya, hakuomba uhamisho wa shule. Kwa hiyo fundo lote lilifungwa na kitu kimoja, nacho ni kukosekana kwa shauri.

Qur'ani Tukufu, katika Suratul-Baqara aya ya 233, imeweka matunzo ya mtoto juu ya baba kwa kadiri ya uwezo wake, ikakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na baba vilevile, na ikataja maridhiano na mashauriano baina yao katika jambo la kumwachisha ziwa. Ikiwa kunyonya tu kunahitaji shauri, je, kumhamisha mtoto mkoa hakuhitaji?

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa mwambao tumeyasoma, malezi ya mtoto mdogo, yaani hadhana, ni haki ya mama kwanza, maadamu hajaolewa na mume mwingine. Akifikia umri wa kupambanua mambo, yapata miaka saba, huhiyarishwa baina ya wazazi wake. Lakini Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba mmoja wa wazazi akitaka kuhama moja kwa moja, baba ndiye mwenye haki zaidi ya kubaki na mtoto, kwa sharti kwamba njia na mji uendewao vina amani. Kwa hiyo mama anayehama bila ya makubaliano anaihatarisha haki yake mwenyewe, na wengi hawalijui hilo.

Sheria za nchi nazo zina neno. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni bora kwake akae na mama, ila ikithibitishwa vinginevyo, na inamtaka hakimu azingatie madhara ya kumhamishahamisha mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka maslahi ya mtoto mbele. Na kote kuwili, katika fiqhi na katika sheria, matunzo ya mtoto hayamwondokei baba kwa sababu amegombana na mama. Baba anayekata chakula cha mwanawe ili kumkomoa mtalaka wake, amemkomoa mwanawe.

Kwa upande wa mjane, asifanye haraka. Eda ya mjane asiye na mimba ni miezi minne na siku kumi, na asili yake ni kukaa katika nyumba aliyofiwa, isipokuwa akihofia usalama wake. Asihame kabla ya kujua mirathi yake na ya watoto wake imesimama wapi. Akishakuwa mbali, mali ya yatima huliwa kwa urahisi, na Suratun-Nisaa aya ya 10 imewaonya wanaoila kwamba wanakula moto matumboni mwao.

Yampasayo mwenye kuhama

Haya tunamwambia mama, na tunamwambia pia baba aliyebaki peke yake na watoto, kwani naye yupo, na mara nyingi huona haya kusema.

Kwanza, aswali istikhara na ashauriane na jamaa wa pande zote mbili. Makubaliano ya matumizi, na ya likizo watoto watakwenda kwa nani, yaandikwe mbele ya mashahidi.

Pili, aanzie safari shuleni. Amwone mwalimu mkuu, aombe uhamisho na achukue kumbukumbu za mtoto. Tangu Januari 2016 shule za umma hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hata kidato cha tano na cha sita. Sare na madaftari bado ni juu ya mzazi, basi aviweke katika hesabu. Achukue pia vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki.

Tatu, akiweza atangulie mwenyewe kutafuta chumba, watoto wakibaki kwa bibi yao. Asitoe fedha kwa dalali kabla ya kumwona mwenye nyumba na kupewa maandishi.

Nne, akifika, wiki ileile ajitambulishe kwa mjumbe na katika ofisi ya serikali ya mtaa, na awapeleke watoto madrasa. Ustadhi atakayemjua mtoto wako kwa jina ndiye atakayeuliza siku asipoonekana.

Yatupasayo wenyeji

Mtume (S.A.W) amemfananisha anayemhangaikia mjane na masikini na mpiganaji katika njia ya Allah. Aliposia Ummu Salama kwa kufiwa na mumewe, naye akaja kumposa, mama yule alitaja udhuru wa watoto wake, na Mtume (S.A.W) hakuwaona kuwa ni mzigo. Aliwapokea na kuwalea.

Basi kila msikiti wa mjini uwe na mtu wa kuuliza habari za wageni, hasa kinamama, na mtu huyo afadhali awe mwanamke. Zaka zetu zisiishie kwa wale wanaojua kubisha hodi. Mwenye nyumba aridhie kodi ya miezi miwili au mitatu kwa mjane na mtalaka. Na sisi wanunuzi wa Kariakoo, tukiletewa bidhaa na mtoto saa za darasani, tusinunue tukapita. Tuulize.

Mama yule tulimuuliza, ijapokuwa kwa kuchelewa. Tulimpigia simu imamu wa kijijini kwao, naye akakaa na baba wa watoto jioni mbili. Baba alilalamika sana, na alikuwa na haki ya kulalamika. Kisha akaridhia watoto wabaki na mama yao, nao waende kwake likizo za Juni na Desemba, na akaahidi kutuma matumizi baada ya mavuno ya alizeti. Mwalimu wa shule yao ya awali akaanza taratibu za uhamisho. Binti alipokelewa pamoja na kaka yake, lakini kijana alikuwa amepoteza masomo ya miezi mingi, na mwaka ule wa darasa la tano alilazimika kuurudia. Hilo hatukuweza kumrudishia.

Kila tukipita Mtaa wa Kongo saa za asubuhi, macho yetu huwatafuta watoto. Wapo wengine. Tunamwomba Allah (S.W) awape subira wazazi wanaolea peke yao, awalinde watoto wao, na atusamehe kwa wale tuliowapita. Wabillahi tawfiq.