Jinsia ya Mungu katika ndimi za Bonde la Ufa

Mkazi wa Nakuru hahitaji kufunzwa kwamba Kipkoech ni mwanamume na Chepkoech ni mwanamke. Ambalo wengi hawajalitafakari ni kuwa kiambishi hicho cha pili kimo pia katika majina ya kale ya Mungu wa Wakalenjin.

Wakipsigis na Wanandi walimwita Mungu Asis, jina lenye uhusiano na jua. Majina yake mengine ni pamoja na Cheptalel na Chepkeliensokol, yaani mwenye miguu tisa, sifa inayofasiriwa kuwa miali ya jua.

Kiambishi pekee si ushahidi wa kutosha, kwani wapo wanaume waitwao Cheruiyot na Chepkwony.

Kwa Wamaasai, suala hili ni bayana zaidi. Katika lugha yao kila nomino ina jinsia: olkiteng ni ng'ombe dume, enkiteng ni jike. Enkai, neno lenye maana ya Mungu, mbingu na mvua, limo upande wa kike.

Ndiyo maana Mungu mweusi, mleta mvua na neema, huitwa Enkai Narok, na yule mwekundu wa ghadhabu Enkai Nanyokie. Vivumishi vyote viwili ni vya kike.

Wamishonari walipofika walihubiri Mungu Baba. Mtafiti wa Marekani, Dorothy Hodgson, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu Wamaasai wa Tanzania, alieleza jinsi sifa za kike za Enkai zilivyofifishwa na mafundisho hayo. Kiswahili nacho, kwa kuwa husema "yeye" bila kubagua jinsia, hakikuweza kuihifadhi tofauti hiyo.

Hali hii si ya Bonde la Ufa pekee. Wahindu humchora Ardhanarishvara nusu mwanamume, nusu mwanamke. Wafon wa Benin humtaja Mawu-Lisa, mwezi wa kike na jua la kiume katika umoja. Misri ya kale ilimchora Hapi, mungu wa mafuriko ya Nile, akiwa na ndevu na matiti.

Suala hili lina uzito leo. Tarehe 24 Mei 2019, Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kubatilisha vifungu vya sheria vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja, na katika mjadala huo kila upande hudai kuwa mila iko nao.

Majina haya hayathibitishi kwamba wazee waliyaridhia mapenzi hayo. Hata ndoa ya mwanamke kwa mwanamke miongoni mwa Wanandi ilikusudiwa kupata mrithi.

Lakini anayedai kuwa Mwafrika daima alimjua Mungu kama mwanamume tu, huyo anapingwa na lugha ya mababu zake mwenyewe.